Gemu za zamani kwenye mashine mpya, mbona mikono inakuwa mizito?

pedi_ya_kijivu
Wakuu habari zenu. Nimenunua mkusanyiko wa gemu za zamani, kampuni siitaji, nilikuwa nalitaka gemu moja tu la ngumi nililocheza kibandani tangu darasa la nne. Picha safi, kali kuliko zamani, ila nikianza kupigana kombo (mapigo ya mfululizo) ambazo vidole vinazijua vyenyewe zinakatika katikati, nabonyeza halafu teke linakuja limechelewa, na muziki kama umepungua mwendo hivi. Nimebadilisha pedi, wapi. Ni mimi nimezeeka au gemu wameiharibu?

fundi_wa_chogo
Hujazeeka kaka, na huo muziki ndio umekupa dalili kwamba huenda umewekewa toleo la Ulaya. Zamani TV za Ulaya zilikuwa za PAL, picha 50 kwa sekunde, Marekani na Japani NTSC, picha 60. Gemu nyingi za PS1, yaani PlayStation ya kwanza, mwendo wake umefungwa kwenye hizo picha, kila picha ikichorwa mchezaji anasogea kidogo, sasa gemu iliyotengenezwa kwa 60 ukiiendesha kwa 50 bila kuirekebisha kila kitu kinapungua karibu asilimia 17, ngumi, kuruka, na kwa baadhi ya gemu mpaka muziki. Halafu skrini za leo nyingi zinaenda 60, kwa hiyo zile 50 hazigawanyiki sawa, picha nyingine inabidi irudiwe mara mbili na mwendo unakuwa wa kustuka-stuka.
PlayStation Classic ya Desemba 2018, ile mashine ndogo ya gemu za PS1, ilikuja na gemu 20, 9 kati yake zilikuwa za PAL, Tekken 3 ikiwemo, hata mashine zilizouzwa Marekani! Mimi iliniuma sana, maana toleo la 60 lipo tangu 1998.

bibi_wa_kombo
Sawa fundi lakini huku kwetu TV si zilikuwa PAL pia? Basi 50 ndiyo aliyokulia nayo, asingehisi tofauti.

fundi_wa_chogo
Dada TV ilikuwa PAL ila CD je? Kibandani kwetu mashine zilikuwa zimechipiwa, yaani zimewekewa chipu zisome CD yoyote, CD za kopi zimeandikwa kwa maka peni, na nyingi zilikuwa za Marekani. Mkumbuke, ulikuwa unaweka gemu picha inatoka nyeusi na nyeupe, kijana wa kibanda anahangaika na rimoti mpaka rangi zirudi? Hiyo ilikuwa NTSC kwenye TV ya PAL. Mleta mada kama uliwahi kuliona gemu lako bila rangi basi wewe mwendo wako ni 60.

kijiti_cha_kushoto
Mwendo ni kimoja, kuchelewa kwa pedi ni kingine, msichanganye. TV ya chogo ilikuwa inachora picha palepale inapoingia, flati skrini inaipokea kwanza, inaikuza, inailainisha, ndipo inaonyesha, na juu ya hapo emyuleta, programu inayoiga mashine ya zamani, nayo inaongeza kucheleweshwa kwake. Nenda setingi za TV weka hali ya gemu, zima ulainishaji wote.
Na hili la picha kali niseme tu, ukali siyo uzima wa gemu. GTA San Andreas ya 2004 ilikuwa na ukungu kwa sababu PS2 ilikuwa na RAM (kumbukumbu) ya MB 32 tu, haiwezi kuchora mbali, lakini ukungu huohuo ndio uliofanya ile nchi ionekane kubwa, unatoka mjini unaona unasafiri kweli. Toleo jipya la Novemba 2021 wakauondoa, ukisimama juu ya Mount Chiliad, mlima wa humo kwenye gemu, unauona mji uleee, safari yote imekufa. Rockstar, wenye gemu, waliomba radhi kwa hali ya matoleo yale, na ukungu pamoja na mwanga wa zamani vikarudi kwa apdeti ya Novemba 2024. Miaka mitatu kurudisha kitu kilichokuwepo!

bibi_wa_kombo
Hilo la rangi umenikumbusha mbali fundi. Nakubali.

pedi_ya_kijivu
Nimerudi. Nyeusi na nyeupe niliiona sana tu, tulikuwa tunacheza hivyohivyo tukichoka kusubiri rangi. Hali ya gemu nimeweka, kuchelewa kumepungua kweli, teke linatoka pale ninapobonyeza. Mwendo bado ni ule mzito, nimepekua menyu zote hakuna pa kuchagua 60. Nimewaandikia kuwaomba toleo la 60, wakijibu nitaleta hapa. Kwa sasa kaka yangu ana PS1 yake juu ya kabati, Jumamosi naifuata na ile TV ya chogo.

fundi_wa_chogo
Kabla hujaiwasha futa vumbi kwenye lenzi, pamba kavu taratibu. Ikigoma kusoma CD igeuze kichwa chini, zile za kijivu nyingi zinakubali hivyo.