Ibada ya familia usiku: watoto wanasinzia, tufanyeje?

Mama Watatu
Shalom wapendwa. Watoto wana miaka 4, 9 na 14. Ibada tunaanza saa tatu usiku, baada ya taarifa ya habari, na inachukua kama dakika 40. Mdogo analala, wa kati anapiga miayo, mkubwa yuko na simu. Baba yao siku nyingi anaingia saa nne. Tukaze tu au tubadilishe?

Katekista
Shalom mama. Hapo tatizo ni saa, watoto hawana kosa. Ibada ifuate chakula: mtu hajanyanyuka, Biblia inafunguliwa. Mkisubiri meza isafishwe mmeshatawanyika. Dakika 15 zinatosha: beti mbili za wimbo wa Tenzi za Rohoni, mistari 10 hadi 15, maswali, maombi mafupi.

Shikeni kitabu kimoja mpaka kiishe, maana kuchagua andiko papo hapo kutawarudisha Zaburi ya 23 kila wiki. Anzeni na Injili ya Marko. Ina sura 16, matukio yanakwenda mbio, na kwa mwendo huo mnaimaliza ndani ya miezi miwili hivi. Ila kateni pale tukio linapoisha, hata mistari ikizidi. Marko 5:1–20, yule mwenye pepo katika nchi ya Wagerasi, ambaye pepo wake waliwaingia nguruwe, ni jioni moja. Yairo, aliyemwita Yesu amponye binti yake, na mwanamke aliyetokwa na damu (21–43) wasomwe pamoja, kwa sababu habari ya mama yule imeingia katikati ya safari ya kwenda kwa Yairo. Ukiitenga, mtoto haoni jinsi Yairo alivyocheleweshwa.

Maswali yaende kwa umri. Wa miaka 4: "Nguruwe walikimbilia wapi?" Wa 9 asimulie kwa maneno yake. Wa 14 usimuulize amejifunza nini, atakujibu "kumtegemea Mungu" hata kama hakusikia neno. Muulize kwa nini watu wa nchi ya Wagerasi walimsihi Yesu aondoke ilhali mwenzao amepona. Kisha nyamaza, mpe nafasi.

Mzee wa Usharika
Naongeza moja. Ibada nyingi zinauawa na maombi ya mafumbo: "Ee Bwana, mguse huyu asiyetaka kuosha vyombo." Mtoto anajua anasemwa, na kesho yake anaikwepa ibada. Makosa ya mchana yamalizwe kabla, pembeni. Akina baba tusome Waefeso 6:4 kwanza, panapotukataza kuwachokoza watoto wetu.

Kuhusu baba: Martin Luther alipoitoa Katekisimo Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani, mwaka 1529 alimlenga mwenye nyumba aifundishe nyumba yake, kwa hiyo wajibu wake haufutiki. Lakini watoto wasikeshe kumngoja. Mama aongoze siku za kazi, baba ashike Jumamosi, na Jumapili asubuhi kabla ya kwenda kanisani.

Mama Watatu
Asanteni sana. Na dada wa kazi? Muda huo huwa jikoni.

Katekista
Aitwe akae, vyombo vingoje. Akiwa wa imani nyingine akaribishwe bila kulazimishwa, na akikataa asinuniwe. Akikaa, aingie kwenye zamu kama wengine. Kama kusoma kunampa shida, usimwaibishe mbele ya watoto, mpe zamu ya kuchagua wimbo. Huyo wa miaka 14 naye mpe Biblia ya karatasi na zamu ya kuongoza mara moja kwa wiki. Andiko umwambie siku mbili kabla.