Tupeane uzoefu: pipa la mboji la kujitengenezea kwa vitu chakavu

Bustani ya Uani (Tanga)
Wakuu, uzi huu ni wa wanaotengeneza mboji nyumbani. Tuwekeane vipimo, vifaa na yale yanayoharibika. Naanza na pipa la plastiki la lita 200.

Uliza kwanza lilibeba nini. La mafuta ya kula linafaa, lioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Lililobeba dawa ya wadudu au kemikali za kiwandani achana nalo, hata likisuguliwa likang'aa. Toboa kwa keekee matundu ya milimita 12, yaachane sentimita 15 kuzunguka pipa lote, na mengine kama 12 kwenye kitako. Asiye na keekee apashe kipande cha nondo kwenye mkaa. Kazi hiyo ifanyike nje, maana moshi wa plastiki haufai kuvutwa. Pipa likae juu ya matofali ili kitako kisizibe. Ndani anza na makumbi ya nazi au vijiti vinene, kimo cha sentimita 10 hadi 15. Wengi huiruka hatua hii, kisha chini panageuka tope.

Fundi Paleti
Pipa ni zuri kwa uani mdogo, ila haliwezi kushika joto kama banda la mita moja kwa kila upande. Lundo la ukubwa huo, likichanganywa vizuri, hufika nyuzi 55 hadi 65 na huua mbegu nyingi za magugu. Kwa hiyo mwenye nafasi afunge paleti 4 (zile fremu za mbao za kupangia mizigo) kwa waya pembeni, ile ya mbele ifungwe kwa namna ya kufunguka, la sivyo kugeuza itakuwa adhabu. Soma muhuri wa paleti: HT ni mbao iliyotibiwa kwa joto, itumie. MB ilifukizwa kwa gesi ya methili bromidi, iache. Iliyolowa mafuta au rangi nayo iache. Mchwa wataanzia miguuni, kwa hiyo weka vipande vya matofali chini ya kila kona.

Mama Mchicha
Vifaa tumevipata, lakini nyumba nyingi hushindwa kwenye mchanganyiko. Ndoo 1 ya mbichi (maganda ya ndizi, mabaki ya mboga, majani mabichi) inataka ndoo 2 hadi 3 za kavu: majani makavu, mabua yaliyokatwakatwa, maboksi yaliyochanwa. Gunia la kavu likae pembeni ya pipa muda wote, kila ukimwaga maganda unafunika. Maranda ni makavu mno na huoza polepole sana, tia kidogo. Majivu nayo ni konzi moja kwa tabaka. Yakizidi, naitrojeni inapotea hewani kama amonia na mbolea inabaki dhaifu.

Mgeni wa Mboji
Naomba msaada jamani. Pipa linatoa harufu ya mayai viza na limejaa funza. Nimwage lote?

Mama Mchicha
Usimwage, ndugu yangu. Harufu hiyo ni kukosa hewa kwa sababu ya maji kuzidi. Toa vyote, changanya na kavu, rudisha. Kisha chukua konzi uminye: yakitoka matone mawili matatu, unyevu unatosha, yakichuruzika ongeza kavu, isiposhikana nyunyiza maji. Harufu kali ya kuchoma pua ni nyingine, hiyo ni mbichi zimezidi. Funza wakubwa wa kijivu wa nzi askari weusi hawadhuru, wanakula mabaki. Ila nyama, samaki na ugali visiingie, vinaita panya.

Fundi Paleti
Na kwa panya, wavu wa kuku hautoshi, matundu yake ni makubwa. Tafuta wavu mgumu wa milimita 12 au chini ya hapo, utandike sakafuni na uupandishe ukutani sentimita 30.

Bustani ya Uani (Tanga)
Niongeze vitu viwili vinavyosifiwa kuliko vinavyostahili. Matairi yaliyopangwa hushika maji kwenye mikunjo ya ndani na mbu wa dengi huzaliana humo. Ukilazimika, kata kingo zote mbili za pembeni. Salfeti, yaani gunia la plastiki lililofumwa, ni rahisi, lakini jua huichakaza ikawa nyuzinyuzi za plastiki ndani ya mbolea. Iwekwe kivulini, na ibadilishwe kabla haijaanza kumeguka.

Mama Mchicha
Kipimo cha joto ni kijiti kirefu kilichochomekwa hadi katikati. Kichomoe baada ya siku chache: kikiwa cha moto na chenye unyevu, kazi inaendelea, kikiwa kikavu, mwagilia, kikiwa baridi huku mabaki bado hayajaoza, geuza. Mwanzoni geuza kila wiki mbili. Mboji iliyoiva ni nyeusi, inanuka udongo wa mvua, na hutambui tena kilichoingia. Ikiwa bado ina joto usiiweke kwenye miche, itaunguza mizizi.

Mgeni wa Mboji
Asanteni sana. Kesho natafuta majani makavu kwanza.