Mrejesho: boti ya kitako bapa ya kuvulia na kutembea na familia

Wakuu, habari za siku. Mwezi wa nane niliwauliza ninunue boti gani ndogo ya kitako bapa, ya kuvulia na ya kutembea na mama watoto na wanangu wawili wikiendi. Asanteni sana kwa majibu yenu.

Nilimsikiliza aliyesema nichukue ya faiba, futi 14, na mashine ya nguvu za farasi 15. Kwa utulivu sina la kulalamika: pale Kunduchi, Dar, maji yakipwa inaelea hata kwenye maji ya magotini, na kijana wangu anasimama ubavuni kuvuta samaki aina ya changu boti isilale. Jaketi okozi za watoto niliwapimisha palepale dukani, zina mkanda wa kupita mapajani.

Nilipokwama ni safari ya kisiwa cha Mbudya. Mchana upepo ulipanda, kitako kikawa kinapiga mawimbi pa! pa!, tukalowa wote, mke wangu kashika ukingo kwa mikono miwili mpaka tunafika pwani. Mlionionya kwamba kitako bapa kinapigapiga kwenye mawimbi mlisema kweli kabisa. Sasa tunaondoka alfajiri, saa nne tumesharudi. Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, likivuma sana hatutoki baharini, tunavua horini, kwenye mkono wa bahari, pembeni ya mikoko.