Fundi anataka kufomati sava kwa sababu huduma moja haiwaki! Hivi logi (kumbukumbu zinazoandikwa na mashine) zimewekwa za nini?

Assalaam alaykum wakuu. Leo nina hasira, mnistahamilie.

Duka letu la dawa hapa Wete linatumia sava ya Ubuntu. Asubuhi programu ya mauzo imegoma, watu wamejaa kaunta, tukarudi kwenye daftari na kalamu. Fundi aliyetufungia mfumo yuko Unguja. Kumpigia tu, kaniamrisha nipige start, start, start mfululizo kuwasha MariaDB, hifadhidata inayotegemewa na programu hiyo. Ikagoma. "Hiyo ni ya kufomati, tumeni nauli ya boti na posho ya kulala." Hajauliza hata mashine imeandika nini! Alipoona hatutumi kitu, akasema nifute ibdata1, faili kuu la hifadhidata, eti itajitengeneza upya. Itajitengeneza ndiyo, tupu! Ukilifuta faili lile, majedwali yote ya InnoDB (injini inayotunza data ndani ya MariaDB) yamekwenda na maji. Fundi mzima huyo!

Nikakata simu, nikaandika systemctl status mariadb, amri ya kuona hali ya huduma. Nyekundu, failed, na chini yake "Start request repeated too quickly", yaani ombi la kuwasha limerudiwa haraka mno. Wengi hudhani ndio ugonjwa wenyewe. Sio. Zile start zake ndizo zilizoleta hayo: kwa kawaida systemd (inayosimamia kuwasha huduma) ikishawasha huduma mara 5 ndani ya sekunde 10, inagoma kuiwasha tena. Chanzo kiko juu zaidi. Nikafungua logi za huduma hiyo kwa journalctl -u mariadb -b, nikapandisha taratibu, hicho hapo: "No space left on device", nafasi imekwisha. df -h ikamaliza ubishi, diski imejaa 100%.

Imejazwa na nani? Nikafuata kwa du -sh, inayopima ukubwa wa folda, mpaka /var/backups. Yeye mwenyewe! Kaweka skripti ya kutoa nakala ya akiba kila usiku, kwenye diski ileile ya data, na haifuti ya zamani hata moja. Diski ikifa, data na akiba vinazikwa kaburi moja. Na kazi hiyo tumeilipia, risiti ninayo.

Nimehamishia nakala kwenye diski ya nje, nikapiga systemctl reset-failed mariadb kufuta ile hesabu ya kushindwa, kisha start. Ikawaka.

Sasa bwana kaleta ankara ya "ushauri wa simu". Wallahi silipi!

Mwenye skripti inayofuta nakala zilizopitwa na wakati na kupeleka mpya mashine nyingine, aitupie hapa. Na fundi wa Pemba hii anayesoma logi, kama yupo, aje PM.