Kufundisha falsafa sekondari: vipindi 24, wanafunzi 40, nianzie wapi?

Mwanagenzi

Habari zenu walimu. Muhula ujao nakabidhiwa falsafa, somo jipya kabisa shuleni kwetu. Wanafunzi ni 40, umri wa miaka 15 hadi 17, vipindi viwili kwa wiki vya dakika 40, wiki 12. Kitabu cha kiada hakuna. Naomba mnisaidie kwa matatu. Nifuate historia kuanzia Thales, Mgiriki wa kale anayehesabiwa mwanafalsafa wa kwanza, au nifundishe kwa maswali? Mjadala wa watu 40 unaendeshwaje bila darasa kugeuka soko? Na insha ya swali lisilo na jibu moja inasahihishwaje kwa haki?

Hoja_Kwanza

Historia iache kwanza, mwalimu. Italia hufundisha falsafa kwa kufuata historia, lakini wana miaka mitatu ya liceo, yaani shule ya sekondari ya juu, kwa kazi hiyo, utaratibu uliotokana na mageuzi ya elimu ya waziri Gentile ya 1923. Ufaransa somo hili ni la mwaka wa mwisho, nao wamejenga muhtasari juu ya dhana kama uhuru, haki na ukweli, kisha mtihani wa saa 4. Wewe una vipindi 24. Ukianza na Thales utamfikia Aristotle muhula umekwisha, na watoto watabaki na orodha ya majina tu.

Gawanya hivi: vipindi 4 vya mantiki, kisha maswali matatu, kila moja vipindi 6. Hiyo ni 22. Viwili viwe akiba, maana mitihani na sikukuu hazikosi kula ratiba. Maswali yanayokubali umri huo: kujua kunatofautianaje na kubahatisha ukapatia? Je, tunapaswa kutii sheria isiyo ya haki? Je, tunayotenda tunayatenda kwa hiari?

Kwenye mantiki fundisha jambo moja mpaka liingie: hoja kuwa halali (hitimisho linafuata kutoka kwenye misingi, yaani madai inayoanzia) si sawa na misingi yake kuwa kweli. "Samaki wote wana miguu, papa ni samaki, kwa hiyo papa ana miguu." Hoja ni halali, msingi wa kwanza ni wa uongo. Kisha wape ya pili: "Mvua ikinyesha uwanja hulowa, uwanja umelowa, kwa hiyo mvua imenyesha." Hapa misingi yote inaweza kuwa kweli na hoja isisimame, kwa sababu huenda mtu amemwagilia. Asiyeona tofauti ya hizi mbili atapata taabu muhula mzima.

Vipindi 6 vya kila swali: tukio na swali, kuchambua dhana, kusoma kifungu cha maneno 300 hadi 400, yasizidi, kuandika hoja ya kifungu kwa namba, mjadala, kuandika. Cha nne ndicho roho ya somo, na ndicho kinachorukwa mara nyingi. Chukua Crito, mazungumzo yaliyoandikwa na Plato, pale mwalimu wake Socrates anapokataa kutoroka gerezani:

1. Kuvunja makubaliano ya haki ni dhuluma.
2. Anayebaki katika mji ilhali angeweza kuhama amekubali kutii sheria zake.
3. Socrates alibaki Athens mpaka uzeeni.
4. Kwa hiyo akitoroka atakuwa amedhulumu.

Watakimbilia kusema "mimi ningetoroka". Hilo bado si pingamizi. Uliza: unakataa namba ngapi, na kwa nini? Wengi watatua kwenye namba 2: vipi kuhusu asiye na nauli wala pa kwenda? Mwanafalsafa wa Scotland, David Hume, alitoa pingamizi la aina hiyo mwaka 1748. Mtaje baada ya mwanafunzi kulifikia mwenyewe, usimtaje kabla.

Duara_la_Ndani

Kuhusu mjadala: usiwaweke 40 katika duara moja. Watasema watano, wengine watalala. Weka 10 ndani. Wengine 10 nje, kila mmoja akimfuatilia mtu wake wa ndani kwa jedwali la safu nne: dai, sababu, mfano, swali, anaweka alama tu kila linapotokea. Waliobaki 20 wanaandika kila mmoja pingamizi moja kwenye karatasi. Dakika 5 kukumbusha hoja iliyo ubaoni, 12 za duara la kwanza, 3 za kubadilishana nafasi, 12 za duara la pili, 8 za kusoma mapingamizi matatu au manne na kuyajibu. Kipindi kimoja huzungumza 20, hivyo swali moja kati ya yale matatu lipe kipindi cha pili cha mjadala kutoka kwenye akiba. Kwa yale mengine, hakikisha walioachwa ndio wanaoanza.

Matthew Lipman, aliyeasisi falsafa kwa watoto huko Marekani miaka ya 1970, aliwaachia wanafunzi wenyewe watunge swali kutokana na walichosoma, kisha darasa lichague. Ufanye hivyo kwenye swali la tatu, wakishajua swali la kifalsafa linafananaje. Ukianza nayo wiki ya kwanza utapata maswali ya kutafutiwa jibu kwenye simu.

Kazi yako ndani ya mjadala ni ndogo: unamaanisha nini? sababu yako ipi? kuna hali ambapo dai hilo halikai? Na ukiuliza, nyamaza angalau sekunde 3. Kujaza ukimya kwa jibu lako mwenyewe huua mjadala kuliko kelele.

Kalamu_Nyekundu

Usahihishaji. Olimpiadi ya Kimataifa ya Falsafa, inayofanyika tangu 1993, hupima insha kwa vigezo vitano: kujibu mada, uelewa wa kifalsafa, nguvu ya hoja, mshikamano na ubunifu. Kukubaliana na msahihishaji hakumo. Kwa insha ya maneno 500, alama 20, napendekeza: kufafanua swali na dhana 4, hoja 6, pingamizi na jibu lake 6, mifano 2, lugha 2. Hitimisho halina alama yake, wala jina la mwanafalsafa lisilofanya kazi ndani ya hoja.

Kinachoangusha wengi ni pingamizi. Wanaandika "lakini wengine hawakubali" na kuendelea. Weka sharti: pingamizi litaje msingi linaoushambulia, na jibu lieleze kama msingi unabaki, unarekebishwa au unaachwa. Bila hivyo, alama zisizidi 2 kati ya 6. Na sharti hilo walijue kabla ya kuandika.

Mzamiaji

Naongeza la vifungu. Ukichukua Wagiriki na Wajerumani peke yao, watoto wataondoka wakiamini watu wengine hawakufikiri. Mengzi, mwanafalsafa wa China ya kale, anauliza: ukimwona mtoto anakaribia kutumbukia kisimani, hushtuki? Kwake hiyo ni dalili kwamba huruma imo ndani ya binadamu. Xunzi, Mchina mwenzake, anampinga: tabia ya asili ni mbaya, wema hutengenezwa kwa mafunzo. Vifungu vifupi, vinagongana uso kwa uso. Na mfano wa mtu anayeelea hewani, wa mwanafalsafa Mwislamu Ibn Sina, asiyehisi chochote lakini anajua yupo, usome kando ya Mfaransa Descartes, wa "nafikiri, kwa hiyo nipo". Kwa swali la kujua na kubahatisha, makala ya mwanafalsafa Mmarekani Gettier ya 1963 ina kurasa tatu tu.

Mwanafalsafa wa Kenya, Henry Odera Oruka, naye anafaa. Alitofautisha mwenye hekima anayerudia yale ambayo jamii inasema na yule anayeyahoji. Kwa hiyo methali ni kifungu kizuri cha kuanzia, mradi iandikwe kama hoja yenye namba na ipingwe kama nyingine yoyote.

Mwanagenzi

Nashukuru sana, hii tayari ni rasimu ya muhula. Moja limebaki: wakisema "kila mtu na maoni yake" mazungumzo yanakufa. Na wakileta dini?

Duara_la_Ndani

La kwanza, tenganisha ladha na hukumu. "Napenda chungwa" halihitaji sababu. "Utumwa ulikuwa wa haki" linahitaji. Kisha waulize: anayesema hakuna anayekosea katika maadili, je, anayempinga amekosea? Wape dakika kumi waandike kabla ya kusema.

La dini: hoja iwekwe mezani, mtoto asiwekwe. Euthyphro, mazungumzo mengine ya Plato, inauliza kama jema ni jema kwa kuwa miungu wanalipenda, au wanalipenda kwa kuwa ni jema. Ni swali ambalo waumini wenyewe wamelijadili kwa karne nyingi. Usimwombe mwanafunzi atangaze imani yake, wala usitangaze yako. Akisema "kitabu kimesema", liandike ubaoni kama msingi namba 1, kisha uliza darasa ni msingi gani mwingine unahitajika ili hitimisho lifikiwe.