Kaka kaacha dawa za TB, na kadi nimekuwa nikiweka tiki mimi

BintiUsa: Wakuu habari za usiku. Naandika nimechanganyikiwa, mnivumilie.

Kaka yangu ni mwanaapolo, mchimbaji wa tanzanite, amechimba Mererani zaidi ya miaka kumi. Baada ya Pasaka alirudi amekonda, anakohoa, usiku shuka linalowa jasho. Makohozi yakapimwa, TB. Akaanzishiwa dozi ya miezi sita, bure, na mimi nikaandikwa msimamizi wake wa dawa. Miezi miwili ya kwanza nilikaa mbele yake na kikombe cha maji mpaka ameze vyote. Akanenepa, kikohozi kikakata. Na mimi nikalegea. Nikawa namwachia vidonge mezani, jioni nauliza "kaka umemeza?", anaitikia, naweka tiki.

Jana nafua koti lake nikakuta vidonge 44 mfuko wa ndani. Anameza vinne kwa siku, kwa hiyo ni dozi ya siku 11. Nilipomuuliza alikaa kimya, halafu akasema, "Mdogo wangu, mimi nimeshapona. Sasa hivi kinachoniumiza ni hizo dawa." Jumatatu anataka kurudi shimoni. Mume wangu anasema aondoke, tuna mtoto wa miaka mitatu. Lakini huyu ndiye aliyenisomesha. Niende kumsema kliniki? Na zile tiki je?

Mzee_wa_Sanya: Mumeo yuko sahihi. Mtoto kwanza.

Sikio_Moja: Mzee, akifukuzwa hapo ataenda kulala geto na vijana wanane na kukohoa huko huko. Hapo mtoto gani kaokolewa?

Dada, mimi 2014 niliacha mwezi wa nne. Nilijiona mzima kama kaka yako. Ikarudi ikiwa sugu. Nilitibiwa miezi 20, miezi minane ya mwanzo nachomwa sindano, na zile sindano zilinichukulia sikio la kushoto. Siku hizi nasikia TB sugu wengi wanatibiwa kwa vidonge bila sindano, na muda umepungua sana, namshukuru Mungu kwa ajili yao. Ila ninachotaka ushike ni hiki: nilipoacha, kila mtu alinigombeza na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini. Sababu yangu ilikuwa mkojo mwekundu. Niliamini ni damu, nikaona aibu kusema. Kabla ya kumsema popote, muulize.

NesiMstaafu: Pole mwanangu. Kwanza, usimpe hivyo 44 kwa mkupuo eti kufidia. Arudi kliniki kesho na kadi na vidonge vyote, wao ndio wataamua anaendelea alipoishia au la, kulingana na siku alizokosa na majibu ya makohozi. GeneXpert, kile kipimo cha makohozi cha mashine, inaonyesha ndani ya saa mbili hivi kama vimelea vimekuwa sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB.

Mkojo wa rangi ya chungwa au mwekundu ni hiyo hiyo rifampisini, hata jasho na machozi hubadilika. Haina madhara. Miguu ikiwaka moto au kufa ganzi, hiyo mara nyingi ni isoniazidi, dawa nyingine iliyomo kwenye vidonge hivyo, na kuna vitamini B6 kwa ajili yake. Kichefuchefu kikimsumbua, aulize kama anaweza kumeza na chakula kidogo au kabla ya kulala. Macho yakiwa ya njano, hapo aende siku hiyo hiyo, asingoje.

Mtoto wa miaka mitatu apelekwe naye. Asipokutwa na ugonjwa, kuna dawa za kumkinga. Kuhusu tiki, sema ukweli. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na kadi iliyojaa tiki za uongo ilinitisha kuliko kadi yenye mapengo, maana kwenye pengo najua pa kuanzia.

Mzee_wa_Sanya: Nimesoma, nakubali. Dada samahani, nilijibu kwa hofu.

BintiUsa: Nimerudi. Asanteni sana, na wewe Sikio_Moja Mungu akuweke.

Jana usiku nilimuuliza nikiwa nimekaa chini jikoni, sikusimama mbele yake. Akaongea mpaka saa sita. Kumbe mwezi uliopita alipokwenda Mererani wiki mbili, mlo ni mmoja, mpaka wapande kutoka shimoni. Alimeza alfajiri tumbo tupu, akatapika kwenye kamba akishuka. Mwenzake akaona mkojo wake, habari ikazunguka kwamba ameukwaa. Wakaacha kula naye sahani moja. Hilo ndilo lililomuumiza. Na nyayo zinamwaka kila usiku, hakuwahi kutamka.

Leo tumeenda wote, na mtoto. Nilieleza habari za tiki nikitetemeka, nesi akanisikiliza, akafuta na kuandika upya. Makohozi yamechukuliwa, majibu kesho. Amepewa B6. Saa mbili usiku huu amekula wali kidogo, amemeza vinne, nikiona.

Kurudi Mererani ameambiwa asubiri majibu, na nesi kamweleza kwamba vumbi la mwamba linaharibu mapafu na kuipa TB njia. Hilo la vumbi bado hajalikubali. Akienda, atapewa uhamisho achukulie dawa huko. Kuna mtu wa Mererani humu anayejua kituo kinachohudumia jioni, baada ya zamu?