Mbwa wangu Tausi apandwe mara moja, atolewe kizazi, ama nimwache tu?

BabaTausi (Bombolulu)
Wadau salama? Naomba mawazo maana hapa nyumbani tumeshindwa kukubaliana. Nna mbwa jike, Jerman Shepadi, aitwa Tausi, ana miaka miwili na miezi mitatu, chanjo zote kapata, ya kichaa cha mbwa namdunga kila mwaka, na ashapata joto, zile siku za jike kutaka dume, mara tatu. Sasa rafiki yangu wa Mtwapa ana dume la shepadi, kubwa, tulivu, ataka tuwapandishe Tausi akishikwa na joto tena, ambayo kwa hesabu yangu ni mwezi ujao wa Novemba. Yeye ataka mtoto mmoja tu, achague wa kwanza, waliobaki wote wangu. Watu kama saba washanambia wakizaliwa niwashikie mmoja mmoja.

Mke wangu ataka tumtoe kizazi tumalize, asema yeye ndiye ashindae nyumbani na ndiye atakaefua matambara. Na mie roho yanituma nimwache vile alivo, nimfungie ndani mara mbili kwa mwaka basi. Pesa zingenisaidia sifichi, karo ya Januari iko pale. Lakini huyu mbwa nikirudi kazini saa mbili usiku ajua mlio wa tuktuk yangu toka konani, hunijia na kiatu changu kimoja mdomoni, siku zote cha kushoto, cha kulia hakigusi. Sitaki kumponza. Mliopitia mwaonaje?

MamaBobi_Likoni
Nakwambia yaliyonipata mie. Wangu alizaa mwaka juzi. Sita walitoka vizuri, wa saba akakwama, saa nane usiku, na daktari niliyempata kwa simu yuko ng'ambo kisiwani. Nilisimama kwenye feri nimembeba ndani ya beseni la kufulia na wale sita nimewafunga kwa leso kifuani kwangu, manake mtoto wa mbwa wiki za kwanza hawezi kujipasha joto mwenyewe, hata Mombasa hii na upepo wa feri atapoa tu. Akapasuliwa, wa saba alishakufa. Nikajua yameisha. Wiki ya tatu mama akaanza kutetemeka, miguu imekakamaa, kumbe maziwa yamemnyonya madini ya kalisi mwilini, mbio tena kutiwa dripu. Halafu parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuharisha, ikanichukulia wawili kabla ya wiki ya nane. Niliuza wanne, nikitoa gharama kilichobaki hakikufika hata nusu ya nilichopanga. Simlaumu mtu, nilikuwa sijui. Wewe waambiwa mapema.

Chui_Mtwapa
Pole mama lakini si kila mara huwa hivo. Mie nimepandisha mara mbili na sijapasua mbwa. Siri ni kujipanga tu. Hesabu kutoka siku ya kwanza ya damu, wengi hukubali dume kuanzia kama siku ya 10 mpaka ya 14 lakini kila mbwa na mwili wake, ukitaka uhakika kuna kipimo cha damu cha homoni. Wakigandana usiwavute hata ikifika nusu saa, utawaumiza wote wawili. Mimba ni siku 63 hivi. Karibu na mwisho mpime joto la mwili asubuhi na jioni, likishuka chini ya nyuzi 37 ujue ndani ya siku moja mambo tayari. Na chakula bwana, ugali na omena pekee havimtoshi anaenyonyesha. Tena mbwa jike ni vizuri azae japo mara moja, hutulia na huwa na afya. Mie nasema mpandishe.

Kliniki_Tudor
Nafanya kazi kwa daktari wa wanyama, nashika mbwa kila siku. Chui umesema vizuri ila hilo la mwisho la afya si kweli, hakuna faida yoyote ya mwili anayopata jike kwa kuzaa mara moja. Nimelisikia mara nyingi sana na limeleta watoto wa mbwa wengi hapa mjini.

BabaTausi, lile la kumwacha tu usilione kama ndilo la usalama. Jike ambaye hajatolewa kizazi, wiki kadhaa baada ya joto anaweza kujaa usaha kwenye kizazi, anakunywa maji kupita kiasi, hali chakula, analala tu, na asipofanyiwa oparesheni haraka anakufa. Hatari yenyewe hupanda umri ukienda. Kumtoa kizazi kunaondoa hilo kabisa. Lakini msimpeleke akiwa kwenye joto maana mishipa ya damu huwa imevimba, ngojeni miezi miwili mitatu ipite.

Ukiamua kumpandisha, kwanza nyonga. Shepadi wana tatizo la nyonga kulegea na linarithiwa, mbwa anaweza kukimbia vizuri leo na bado picha ikaonyesha kasoro. Uingereza huanza kupiga eksirei za nyonga kwa mbwa wa kuzalishwa akifika mwaka mmoja, Marekani cheti cha mwisho hutolewa miezi 24. Tausi umri ashafika. Na huyo dume je, kapigwa eksirei? Kapimwa brusela, ule ugonjwa wa kuambukizana kwa kupandana unaoharibu mimba? Kama ameshapanda mbwa wa mtaani mwangalieni sehemu za siri, kuna uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kupandana, tunauona sana.

Msafiri_Kuze
Halafu mwenzangu kaa na kalenda. Akipandwa Novemba atazaa Januari, watoto hawatoki kwa mama kabla ya wiki nane, hiyo ni Machi. Karo ya Januari utailipaje na watoto wa Machi? Na Machi ndio jua la Mombasa lile, mama ana maziwa, watoto wanane kwenye banda la mabati.

Jengine. Mie ni Muislamu, mbwa wangu mmoja yuko shamba kwa ulinzi, nyumbani sifugi. Nawajua majirani zetu, mtu atasema nishikie mmoja kwa kukufurahisha, akifika nyumbani mama mtu amkatalie, na yule mtoto atupwe njiani. Wale saba wapigie simu leo, waombe japo robo ya pesa mkononi.

Chui_Mtwapa
Hapo kwa kalenda Msafiri kanifunga mdomo.

BabaTausi (Bombolulu)
Narudi baada ya wiki tano, samahani kwa kimya. Niliwapigia wote saba. Wawili walikubali kutoa pesa, mmoja akauliza kama kuna wa bure, watatu wakasema tutaona, mmoja mpaka leo hashiki simu yangu. Rafiki yangu nikamuuliza eksirei ya dume lake akasema mbwa mzima huyu wa nini kumpiga picha, tukanuniana siku chache, sasa tumeshaongea.

Tausi alishikwa na joto Jumatatu iliyopita na hapandwi. Mwezi wa pili atatolewa kizazi, na daktari amekubali siku hiyo hiyo akiwa amelala ampige picha za nyonga, kwa ajili yake mwenyewe, nijue uzee wake nitautunza vipi. Mke wangu ndiye aliyeuliza bei.

Kwa sasa koko wanne wamelala chini ya mkilifi hapo nje ya geti, wamenichimbia mashimo mawili chini ya ukuta nimeziba kwa mawe. Mlango wa jikoni hatuufungui ovyo. Nikifika usiku Tausi hawezi kunilaki nje, nasikia kucha zake kwenye sakafu, nikifungua kidogo naona pua na kiatu.

MamaBobi_Likoni
Cha kushoto?

BabaTausi (Bombolulu)
Cha kushoto.